Umetoa tamburu, umeweka diski: sasa masta gani?

Wandugu wa licence, na nyinyi ambao mungali darasani, leo siandiki juu ya ugonjwa wa viazi wala juu ya mbolea. Naandika juu ya freni, au breki kama vile wenzetu wa Tanzania wanasema. Kama unajiuliza agronome na freni ni wapi na wapi, jibu ni fupi: viazi havijileti vyenyewe Goma. Vinashuka kutoka milima ya Masisi, pamoja na maharagi, na fromaji, na wamama wenye mizigo yao, juu ya gari ambazo nyingine zilitoka kiwandani kabla hatujazaliwa. Ukifanya kazi na wakulima wa kule juu, siku moja utajikuta unajifunza gari ile hata kama hukutaka.

Gari ninayozungumzia ni Land Cruiser ya zamani, ile ya safu ya 40. Japani iliitengeneza toka 1960 mpaka 1984, na kwa miaka mingi ilitoka na tamburu kwenye magurudumu yote manne. Land Rover za Series ni vile vile: zilibaki na tamburu mpaka mwisho wao. Ni gari za nguvu, chesi haichoki, moteri ya dizeli inatembea hata kama umeisahau. Lakini freni zake zilifikiriwa kwa ajili ya mwendo wa zamani na mzigo wa zamani.

Tamburu ni kama sufuria iliyofunikwa inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vya nusu mwezi, na ukikanyaga pedali vinafunguka na kusugua ukuta wa sufuria. Shida ni mbili. Ya kwanza ni joto: kwenye mteremko mrefu chuma kinapanuka, ukuta unakimbia mbali na vipande, na pedali inashuka chini kila dakika inayopita. Ya pili ni maji na tope: vikiingia mule ndani havitoki upesi, na ukitoka kuvuka kijito unakanyaga mara tatu, mara nne, kabla gari haijakusikia. Diski iko wazi. Upepo unaipoza, maji yanarushwa nje kwa kuzunguka tu. Kwa hiyo wenye gari hizi wanatafuta daraja la mbele la gari ya miaka ya nyuma kidogo, ya ukoo ule ule, wanachukua diski na etriye zake, yaani ile mikono ya chuma inayobana diski kwa plakete mbili, na wanafunga. Kazi hiyo mafundi wetu wanaijua vizuri. Angalia tu kama rimu za zamani hazigusi etriye, juu zingine zinagusa.

Sasa njo shida inaanza. Gari imepata diski, kila mtu anafurahi, na hakuna anayeuliza juu ya ile pompa inayosukuma mafuta ya freni. Mafundi wa hapa wanaiita metrisilindri, wa Kampala na Nairobi wanaiita masta silinda. Mimi nitasema masta, ni fupi. Iko mbele ya dereva, upande wa moteri, na chupa yake ya mafuta juu. Mguu unasukuma pedali, pedali inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma pistoni ndani ya masta, na mafuta yanakimbia mpaka kwenye magurudumu. Masta ya tamburu na masta ya diski zinaweza kufanana kwa macho kama mapacha, bolti mbili zile zile, na zikafanya kazi tofauti kabisa.

Mambo haya niliyafuata kwa karibu kwenye gari moja ya muzee mmoja anayetubebea mbegu ya viazi. Garage ya kwanza ilimuwekea diski mbele na kuacha masta ya zamani. Gari ilirudi na pedali inayozama karibu na sakafu, na ikifika Sake magurudumu ya mbele yanatoa harufu ya kuungua. Garage ya pili ikamwambia: masta yako ni ndogo, tunaweka kubwa. Wakaweka ya lori, kubwa kweli. Pedali ikapanda juu, ikawa ngumu kama jiwe. Muzee akafurahi sana. "Sasa freni iko na nguvu, mwanangu," aliniambia. Lakini dereva wake, ambaye ndiye anaishusha na mifuko ishirini nyuma, alikuwa anasema kitu kingine: anakanyaga kwa miguu miwili na gari inaendelea kutembea.

Nani alikuwa na haki? Dereva. Na sababu yake unaweza kuiona bila gari, kwa sindano mbili za hospitali.

Nunua sindano ya mililita 5 na nyingine ya mililita 20, toa nyuzi zake, ziunganishe kwa kamrija kadogo ka serumu, jaza maji. Sukuma ndogo kwa kidole kimoja na mwambie rafiki yako azuie kubwa. Hataweza. Geuza: sukuma kubwa, yeye azuie ndogo. Sasa ni wewe unatoka jasho. Lakini angalia pia safari: ile ndogo unaisukuma mpaka mwisho, na kubwa inasogea kidogo tu. Hiyo ndiyo habari yote ya masta. Masta nyembamba inatoa nguvu nyingi na kudai safari ndefu ya mguu. Masta nene inatoa mafuta mengi kwa safari fupi, na nguvu inapungua. Hakuna masta inayokupa vyote viwili bure. Ugumu unaousikia kwenye pedali ni mguu wako unaofanya kazi peke yake. Magurudumu hayaupati.

Kanuni yenyewe ni ya Blaise Pascal, tuliisoma wote kwenye fizikia ya sekondari na kuisahau baada ya mtihani: msukumo ndani ya mafuta yaliyofungwa unakwenda sawa kila upande. Msukumo huo ni nguvu ukigawanya kwa eneo la pistoni. Eneo linakua kwa mraba wa kipenyo, ndiyo maana milimita tatu tu zinabadilisha mengi.

Tulipima gari ya muzee. Pedali kwanza: toka kwenye mhimili wake mpaka pale mguu unakanyaga ni sentimita 32, toka kwenye mhimili mpaka kwenye kijiti ni sentimita 8. Kwa hiyo pedali inazidisha nguvu ya mguu mara 4. Kwa gari yenye servo hiyo ni kawaida. Gari isiyo na servo inahitaji pedali inayozidisha mara 6 au zaidi. Servo ni ile ngoma nyeusi ya duara nyuma ya masta, wengi wanaiita mastavaki, inayomsaidia dereva kusukuma. Tukachukua mguu wa kilo 30, ambao mtu yeyote anaweza kukanyaga. Mara 4 ni kilo 120 kwenye kijiti.

Masta hizi zinauzwa kwa vipimo vya inchi hata kama zinatoka Japani. Ya inchi 7/8, yaani milimita 22,2, ina eneo la sentimita mraba 3,88. Ya inchi 1, milimita 25,4, ina 5,07. Ile ya lori waliyoiweka ilikuwa ya inchi 1 na 1/8, milimita 28,6, eneo 6,41. Gawanya. Bila servo, kilo 120 zinatoa kilo 31 kwa kila sentimita mraba kwenye masta ya kwanza, 24 kwenye ya pili, na 19 tu kwenye ile ya lori. Weka servo inayoongeza kilo 250, jumla 370: ya inchi 1 inatoa 73, ya lori inatoa 58. Yaani kwa mguu ule ule, gari ile ile, servo ile ile, muzee alikuwa amepoteza zaidi ya kilo moja kati ya kila tano, na alilipa pesa kwa ajili ya kuipoteza.

Kwa tamburu angeweza pengine asisikie sana. Tamburu ina ujanja wake: gurudumu likizunguka linakivuta kipande kimoja cha nusu mwezi na kukibana zaidi chenyewe, kama mlango unaojifunga na upepo. Diski haina msaada huo. Plakete inabana kwa kadiri ile tu mafuta yanaisukuma. Ndiyo maana freni ya diski inadai msukumo mkubwa kuliko tamburu, na ndiyo maana karibu kila gari nzito ya diski ina servo.

Basi si tungerudisha ile nyembamba ya 7/8, tupate nguvu? Hapo ndipo upande wa pili wa sindano unaingia. Etriye za gari ile zina pistoni nne kila moja, tukapima kila pistoni milimita 43. Pistoni nane kwa jumla ni sentimita mraba 116. Tuseme kila pistoni inasogea milimita 0,3 tu kabla plakete haijabana vizuri: unahitaji sentimita tatu na nusu za ujazo wa mafuta, kwa mbele peke yake. Masta ya 7/8 itasukuma pistoni yake milimita 9, na mguu, mara 4, unashuka sentimita 3,6. Ya inchi 1 inashusha mguu sentimita 2,7 hivi. Ile ya lori 2,2. Na hapo bado hatujahesabu tamburu za nyuma, ambazo nazo zinakunywa mafuta yao, wala mipira inayovimba kidogo ukikanyaga. Jumlisha yote, utaelewa kwa nini kwa masta ya kwanza pedali ilikuwa inazama karibu na sakafu. Mafuta hayakutosha, basi. Haikuwa hewa kwenye mabomba, ingawa walitoa hewa mara tatu na kumlipisha muzee mara tatu.

Kwa hiyo jibu la gari ile lilikuwa katikati: inchi 1, na servo nzima. Lakini usichukue jibu langu ukalibandika kwenye gari yako. Land Rover yenye etriye ndogo na bila servo itakuambia kitu kingine. Volkswagen ya zamani, ile kobe, ni nyepesi na itakuambia kingine tena. Chukua rula na kalkuleta ya telefoni. Kipenyo cha masta mara nyingi kimechongwa kwenye mwili wake. Futa grisi utakiona. Kama hakuna, toa pistoni na upime.

Kuna kitu kingine ndani ya masta ambacho hakionekani kwa nje, na kwangu mimi ndicho hatari kuliko kipimo. Kwenye tamburu kuna spring zinazorudisha vipande nyuma kwa nguvu kila ukiachilia pedali. Ili mafuta yasirudi yote na hewa isiingie kwenye vikombe vya mpira, watengenezaji wengi wa zamani waliweka vali ndogo kwenye mlango wa masta, inayobakisha msukumo kidogo ndani ya bomba, kama kilo 0,7 kwa sentimita mraba. Kwa tamburu hiyo ni sawa, spring zinaishinda. Diski haina spring. Pistoni ya etriye inarudi nyuma kidogo sana, kwa kuvutwa na mpira wake wa duara tu. Ukiiachia msukumo wa 0,7, plakete inabaki inalamba diski saa zote. Gari inatembea, inakula mafuta zaidi, diski inapata moto, mafuta ya freni yanapata moto, na siku moja kwenye mteremko yanachemka. Mafuta yakichemka yanafanya mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakwenda mpaka chini bila kitu. Ile harufu ya kuungua ya muzee, njo hiyo. Masta ya kwanza ilikuwa na vali yake ya tamburu, na hakuna aliyeitoa.

Masta inayofaa kwa diski mbele na tamburu nyuma haina vali hiyo upande wa mbele. Nyuma inaweza kubaki. Na vyumba vyake vya mafuta havilingani: kile cha diski ni kikubwa, juu plakete zikiisha pistoni zinatoka nje pole pole na mafuta yanashuka kuzifuata. Chupa ndogo ya tamburu inaweza kukauka kabla plakete hazijaisha. Kuna gari ambazo masta iko chini ya sakafu, chini kuliko etriye. Hizo zinahitaji vali nyingine, dhaifu sana, ya kama kilo 0,14, ili mafuta yasitiririke kurudi. Land Cruiser masta yake iko juu, haihusiki.

Tukiwa hapo hapo: kama gari yako bado ina masta ya chumba kimoja, usibishane na mtu, nunua ya vyumba viwili. Kwenye chumba kimoja, mpira mmoja wa gurudumu moja ukipasuka na jiwe, mafuta yote yanatoka na hakuna freni hata moja inayobaki. Kwenye vyumba viwili, mbele ikifa nyuma inabaki, au kinyume. Marekani iliifanya sheria kwa magari madogo toka Januari 1968. Hapa kwetu tunaendelea kuamua kila mtu peke yake.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana, na sisi wa Goma tunapaswa kulijua kuliko wote: servo inafanya kazi kwa upepo. Upande mmoja wa ngoma ile hewa imenyonywa, upande wa pili hewa ya nje inasukuma. Nguvu yake ni uzito wa hewa ya mahali ulipo. Kando ya bahari, Mombasa kwa mfano, hewa inasukuma kwa hektopaskali 1013. Goma, kwenye mita 1500, ni kama 850 tu. Ukipanda kule kwenye viazi, mita 2300, ni karibu 770. Donc servo ile ile inapoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu yake ya mwisho hapa mjini, na karibu robo kule juu, mahali gari inapakiwa na mteremko unaanza. Ukikanyaga kidogo huoni tofauti. Utaiona siku unayokanyaga kwa nguvu zako zote, juu servo inafika mwisho wake mapema.

Na ni Pascal tena. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Florin Périer alipanda na mrija wa zebaki juu ya Puy de Dôme, volkano ya zamani ya katikati ya Ufaransa, kwa sababu Pascal alitaka kujua kama hewa inapungua uzito ukipanda. Zebaki ilishuka. Kilele kile kina mita 1465, karibu sawa kabisa na usawa wa maji ya ziwa letu la Kivu. Yaani pale Périer alipofika akichoka, sisi tunaanzia kuogelea. Mtu mmoja, kanuni mbili, na zote ziko chini ya mguu wa dereva wa Masisi. Ingekuwa walitufundisha hivyo sekondari!

Maana yake kwa kuchagua masta: kama hesabu inakuweka kati ya vipimo viwili, na gari inaishi milimani, elekea kwenye ile nyembamba kidogo, mradi pedali isizame. Mtu wa Dar es Salaam mwenye gari kama yako anaweza kukushauri tofauti na asiwe mwongo. Angalia pia anayenyonya hewa ni nani. Moteri ya petroli inanyonya yenyewe. Dizeli hainyonyi, inahitaji pompa yake, na kwenye Land Cruiser nyingi za dizeli pompa hiyo imekaa nyuma ya altaneta. Mkanda ukilegea, au mafuta ya kulainisha pompa yakiziba, servo inakufa kimya kimya na lawama zinakwenda kwa masta. Jaribio ni rahisi: moteri ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano, shikilia mguu, washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Isiposhuka, usinunue masta yoyote, nenda kwanza kwenye servo na pompa yake.

Kati ya servo na masta kuna kijiti. Hiki kimeharibu kazi nyingi nzuri. Ukibadilisha masta, urefu wa kijiti kile haulingani tena kwa lazima. Kikiwa kirefu, pistoni haifiki mwisho wake wa nyuma, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na freni zinajifunga pole pole kadiri mafuta yanavyopata joto. Kikiwa kifupi, unapoteza safari ya pedali bure. Kinatakiwa kibaki na nafasi chini ya milimita moja, lakini isiwe sifuri. Sisi tulipima kwa udongo wa mfinyanzi: bonge dogo kwenye ncha ya kijiti, funga masta, fungua, pima unene uliobaki. Fundi alicheka kwanza. Baadaye akaniomba udongo.

Na kama gari yako sasa hivi inashika moto mbele na hujui mkosaji ni nani, kuna njia ya kumtafuta. Gari ikiwa kwenye tambarare, magurudumu yamefungwa na mawe, mbele imeinuliwa na freni zimejishika, legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye servo, isogeze mbele milimita chache. Gurudumu likiachia, kijiti ni kirefu. Lisipoachia, legeza bomba pale linapotoka kwenye masta: likiachia, msukumo ulikuwa umefungwa na masta yenyewe au vali yake. Bado? Fungua skurubu ya kutolea hewa kwenye etriye. Likiachia hapo tu, mpira wa njiani umevimba ndani na kuziba. Likikataa hata hapo, pistoni za etriye zimeshika kutu. Dakika kumi na tano, funguo mbili, na unajua pesa yako iende wapi. Ukifungua mahali popote, toa hewa upya kabla gari haijasogea.

Nyuma usipasahau. Diski za mbele zikibana vizuri, uzito wote unakimbilia mbele, na tamburu za nyuma zikipata msukumo mwingi zinafunga gurudumu, hasa gari ikiwa tupu. Pikapu nyingi zina vali nyuma inayopima mzigo kwa kijiti kilichofungwa kwenye daraja. Watu wanaitoa juu "inavuja". Mtu akikuambia aitoe, mwambie airekebishe.

Juu ya mafuta nitasema kidogo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja, zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ni silikoni, jina linafanana lakini usiichanganye nazo. DOT 4 mpya inachemka si chini ya digrii 230, lakini inavuta maji ya hewani, na ikishavuta inaweza kuchemka kwenye 155. Chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita na kukaa dirishani, iache. Na mafuta ya moteri au ya hidroliki kamwe, hata tone: mpira wote wa ndani unavimba, na unaanza upya toka masta mpaka magurudumu. Unaponunua masta ya okazo, hasa zile zinazofika kwenye marobota kutoka Dubai, ifungue mbele ya muuzaji. Ingiza kidole. Ukuta ukiwa laini kama kioo, mipira mipya inatosha. Ukisikia vishimo vya kutu, rudisha. Kupiga msasa mpaka vishimo viishe kunaongeza kipenyo na mpira hautaziba.

Gari ya muzee ilipata ya inchi 1, vyumba viwili, bila vali mbele, kijiti kikafupishwa kidogo. Pedali ikawa laini kuliko ile ya lori, na siku ya kwanza muzee hakupenda. "Imelegea," alisema. Dereva akamwomba apande pembeni yake, wakaipakia, wakashuka pole pole kwa vitesi ya pili kama inavyotakiwa, freni kwa kugusa tu. Walipofika Sake nilikuwa pale nawangoja na mkono wangu karibu na rimu ya mbele. Ilikuwa na joto la chungu kilichoondolewa jikoni zamani. Muzee naye akashuka, akashika, akashika tena upande wa pili, akaniuliza kama ile masta ya lori inaweza kuuzwa.